Kitanda cha Pili kwa Uzuri

Treni ilikuwa imetoka Embakasi wakati Kyule, fundi wa vitanda kule Kware, aliposikia wosia wa Mwingereza mmoja ukijadiliwa nyuma yake. Macho hayana pazia, na masikio ya Kyule hayakuwa na mlango.

"Ndiye mwandishi wa tamthilia anayesifiwa kuliko wote kwao," mwalimu kijana alimwambia mama aliyeketi naye. "Amekufa miaka mia nne na bado anawatoa wanafunzi wangu jasho. Na katika wosia alimwachia mkewe nini? Kitanda cha pili kwa uzuri! Si dharau hiyo?"

"Kwani cha kwanza kilikuwa cha nani?"

"Haikuandikwa."

"Basi ngoja nikwambie, mwalimu. Mimi nina vikombe vya maua kabatini tangu niolewe, na sijawahi kuvinywea chai. Ni vya wageni. Hata kwao kitanda kizuri kilikuwa cha wageni. Hicho cha pili ndicho walicholalia wao wawili. Alimwachia ndoa yao."

"Ama alikuwa mchoyo tu, mama."

"Mchoyo angekumbuka kitanda kweli?"

Treni ikasimama Makadara na watu wakainuka.

Kyule alishuka polepole. Nyumbani kwake kitanda cha mvule, alichokichonga kwa mkono wake, kilikuwa kimengoja wageni miaka tisa. Yeye na mkewe walilalia kile chenye mguu wa matofali. Hakuwa amewahi kumuuliza angependa kipi.