Maisha ya Mama Uzio, Aliyepanda Maua Malishoni

Waombolezaji, ndugu, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi kituo cha maziwa, familia imetupa sisi watoto kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, nasi tutayasoma kama alivyoyaishi, bila kuyapaka rangi, kwa sababu hakuna kitu kilichomkera kama maziwa yaliyotiwa maji.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi bati, akiwa mtoto wa tatu wa fundi huyo na mkewe, mshona nguo, akakua akilala katikati ya kelele za nyundo, jambo alilolitumia kujitetea kila alipoambiwa apunguze sauti. Alianza shule ya msingi Januari 1965 akamaliza mwaka 1971, akakaa nyumbani kumsaidia mama yake kushona vifungo, kisha mwaka 1974 akajiunga na chuo cha mifugo, alikotunukiwa cheti mwaka 1976, msichana pekee katika darasa la wavulana, waliomcheka siku ya kwanza alipopigwa teke na ng'ombe mtamba, na hawakumcheka tena alipoinuka akamaliza kumkagua mtamba yule yule.

Februari 1977 aliajiriwa kuwa mpimaji katika kituo cha kukusanyia maziwa, kazi ya kuchovya kipimo katika kila ndoo na kusema kweli mbele za watu, na hapo ndipo alipokutana na baba yetu, kijana mrefu aliyeleta ndoo mbili kutoka shamba la baba yake, zote mbili zikakataliwa mbele ya foleni nzima, naye akarudi kesho yake na maziwa safi, na keshokutwa, na mwaka mzima uliofuata, hata siku ambazo haikuwa zamu yake. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, na babu yetu mpaka anaingia kaburini alikuwa akitania kwamba mwanawe alipimwa kwanza ndipo akapokelewa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, ndiye huyu anayesoma mbele yenu, wa pili ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kitinda mimba ndiye anayekamua ng'ombe wa nyumba hii mpaka asubuhi ya leo.

Shamba alikoolewa lilikuwa jeupe. Babu alikuwa amekata kila mti ili akikaa barazani awaone ng'ombe wake wote, na katikati ya nyasi alipanda majani ya jamii ya kunde, yale yanayoongeza maziwa, lakini kila mwaka majani hayo yalichanua, maua yakapukutika bila kufunga mbegu, ikabidi mbegu zinunuliwe upya. Marehemu alizunguka malisho hayo akitafuta nyuki, asione, akasema nyuki hawezi kuhamia mahali ambapo chakula kipo wiki mbili kwa mwaka na pa kujenga hakuna, ndipo Machi 1986 akaanza kupanda uzio wa miti na vichaka vya maua, kaliandra mbele, miti mirefu nyuma, aina zinazopokezana kuchanua, kando ya mpaka kati ya sehemu ya baba yetu na ya kaka yake, ambaye sisi tunamwita baba mkubwa. Safu ya kwanza ililiwa yote na ng'ombe mchana mmoja, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakampachika jina la Mama Uzio, likamganda, na baba yetu naye alicheka, ila Jumamosi iliyofuata alibeba sururu akachimba mashimo upya, safu nzima, peke yake, kisha akauvika kila mche matawi ya miiba. Baada ya miaka mitatu uzio ulichanua, nyuki wakaja, na malisho yakafunga mbegu zake yenyewe kwa mara ya kwanza, akagawia kila aliyeomba.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wenu mngependa turuke. Uzio ulileta kivuli katika shamba lisilokuwa na kivuli, na kila mtu akapenda kufunga ng'ombe wake hapo jua linapowaka, ingawa marehemu alikataza mpaka koo likamkauka, akisema nyuki wakichokozwa mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia. Tarehe 9 Februari 1994, saa saba mchana, ng'ombe alifungwa hapo, kamba ikatingisha tawi lenye kundi la nyuki, nyuki wakamvamia, na baba yetu akakimbia na kisu, akaikata kamba, ng'ombe akapona, na yeye akafariki njiani kupelekwa hospitali. Ng'ombe yule alikuwa wa baba mkubwa, na aliyemfunga ni baba mkubwa mwenyewe. Tunalisoma hadharani leo kwa mara ya kwanza, ingawa hapa hakuna mtu mzima asiyelijua.

Siku ya mazishi, baba mkubwa alisimama akasema nyuki wa mwanamke huyu wamemuua mdogo wake, akataka uzio ukatwe kabla jua halijazama, marehemu akakataa, naye akaapa kwamba mwanamke huyo hatalazwa kamwe ubavuni mwa mdogo wake. Tulipokua tukamuuliza mama kwa nini siku ile hakutaja ng'ombe alikuwa wa nani, alisema aliyefunga kamba anajua, kisha akatutuma kuni. Wengi walimpa kisogo, shuleni tuliitwa watoto wa nyuki, na hata waliokuwa hawaitikii salamu yake walituma watoto wao mlango wa nyuma kuomba mbegu za malisho, naye aliwapa, amezifunga vizuri kwenye gazeti. Alizungusha waya mbali na uzio ili mnyama yeyote asifungwe karibu, akaendelea kupanda kila msimu wa mvua, akastaafu kituo cha maziwa mwaka 2012 bila kuacha kupanda.

Oktoba 2022 alianza kushindwa kumaliza hata kikombe cha chai, madaktari wakagundua saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Mwezi Aprili alimwita baba mkubwa, naye akaja, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, mama akamwomba alazwe karibu na mumewe, akajibiwa kwamba kiapo ni kiapo, na kwamba akishafumba macho uzio nao utakatwa, kwa kuwa mpaka ni wa watu wawili. Mama akasema, "Basi shemeji, chukua kaburi, niachie uzio." Baba mkubwa alikubali mbele yetu watatu. Kitinda mimba alitoka akabamiza mlango, sisi wengine tulilia waziwazi, na mama akatukemea kwa ile sauti yake ya kushindana na nyundo, akasema huyu anayebaki na ng'ombe atawalisha nini, tena mashimo ya uzio ule alichimba baba yenu kwa mikono yake, na kaburi lake walichimba watu wengine.

Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa kumi na mbili asubuhi, mikononi mwa kitinda mimba wake. Kwa hiyo tukiondoka hapa, jeneza likifika kwenye banda la ng'ombe litapinda kushoto, wala halitakwenda kulia alikolala baba yetu, na tunawaomba mtu yeyote asiulize kwa sauti wala asigombane na yeyote, maana ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, majirani waliomletea maji na kuni, wapimaji wa kituo cha maziwa waliomchangia nauli za hospitali. Tunamshukuru pia baba mkubwa, aliyekaa mstari wa mbele, kwa kutimiza neno lake lote, uzio haujaguswa, na pale ubavuni mwa baba yetu hapajachimbwa. Mama, umelipa, na sisi tuliona. Pumzika kwa amani hapo ulipokubali kulazwa.