Nyanya ya Chumvi

— Nipe hilo kopo.

— Sikupi.

— Dada, nipe niwamwagie kuku, tumalize habari.

— Kuku wana chakula chao. Hizi ni mbegu za Mama.

— Mbegu za Mama zimetuangusha! Mwaka jana nyanya zimekaa kijani mpaka baridi ikazikuta shambani, zikawa nyeusi kama matairi. Umesahau?

Hakuwa amesahau. Shangazi alilikumbatia kopo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaendelea kumimina kahawa bila kumwaga hata tone.

Benchi lao lilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, nje ya mlango wa nyumba waliyoachiwa ndugu hawa wawili na mama yao. Upande mmoja wa mlango kaka mtu alitengeneza baiskeli, ndiyo maana akaitwa Spoki. Upande wa pili dada mtu aliuza kahawa, na wote, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kishamba chenye msimu mfupi: tangu mvua ya kwanza mpaka baridi inayochoma majani, miezi minne haifiki. Asubuhi hiyo Shangazi alikuwa amelainisha kitalu na kukinywesha maji. Kitalu ni kimoja, na msimu ni mmoja. Kilichobaki ni kuamua zipandwe zipi, mbegu za kopo au za pakiti iliyokuwa mfukoni mwa Spoki. Waamuzi walikuwa wawili, na walikuwa wamejiteua wenyewe: Wembe, kinyozi asiyepata mteja kabla ya saa nne, na Redio, mchukuzi wa sokoni, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimwi.

— Tusigombane, Redio alisema. Mimi sababu ninayo. Ni ule mnara wa simu. Tangu usimamishwe, nyanya hazilali. Nyanya isipolala usiku, mchana itaiva saa ngapi?

— Mbona pilipili za Shangazi zinaiva kwa wakati? Wembe aliuliza.

— Pilipili kali, nani atazisumbua?

— Acha hizo. Tatizo ni udongo. Udongo ni kama kichwa. Ukinyoa pale pale kila wiki, nywele zinakata tamaa.

— Nani kanyoa shamba?

— Jembe! Wewe unadhani jembe linafanya nini?

Spoki alirusha koleo lake kwenye boksi la vifaa.

— Mnazunguka tu. Mbegu imezeeka. Bibi alimpa Mama, Mama akamwachia dada. Hiyo si mbegu tena, ni ajuza. Sasa ajuza mnataka akimbie?

— Lakini inaota, Shangazi alisema. Ikiota inaota vizuri, tena yote. Ni kuiva tu ndiko inakochelewa. Enzi za Mama nyanya zilikuwa zinaiva mfereji wa shambani ukiwa bado na maji ya mvua.

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, kopo ni lile lile, na mikono ni ya mtoto wa mama yule yule. Hakuwa amebadilisha kitu. Sasa nyanya nazo zimebadilika kwa nini?

— Basi nitawaambia ukweli, Redio alisema, akasogeza kikombe kana kwamba kitasikia. Dunia imeinama.

— Imefanyaje?

— Imeinama. Mimi nashinda sokoni, naona. Malori yanaondoka hapa yamejaa, yanarudi matupu. Miaka yote hiyo! Uzito wote umehamia kule. Kule kumeshuka, huku kwetu kumeinuka. Kishamba cha Shangazi kiko juu siku hizi, karibu na baridi.

Wembe alitazama chini ya benchi, kama anayekagua.

— Imeinama kiasi gani? Shangazi aliuliza. Alitaka kujua kweli.

— Kiasi cha wiki tatu.

Wakati huo mama mmoja ambaye hawakumfahamu alikuja akisukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limelala, na kreti mbili tupu zimefungwa kwenye kiti. Alisalimu, akamwachia Spoki baiskeli, akapewa nafasi na kikombe. Spoki akachomoa tyubu na kuanza kukata kiraka. Mgeni akasikiliza habari za dunia kuinama mpaka mwisho, bila kumkatiza mtu.

— Samahani, alisema hatimaye. Hayanihusu, lakini naomba kuuliza. Mbegu huwa mnatoa kwenye nyanya ipi?

— Kwenye nyanya, Redio alijibu.

— Ndiyo. Ipi?

— Nyekundu, Wembe alisaidia.

— Nyekundu ya lini?

Redio alimgeukia Wembe. Wembe akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na kahawa mkononi.

Shangazi alianza kuufuata msimu kichwani, tunda kwa tunda. Ya kwanza kabisa kuiva huliwa hapo benchini. Wembe huja na chumvi kwenye kikaratasi, Shangazi huikata nyanya vipande vinne, na wenyewe wanaiita nyanya ya chumvi. Walianza mwaka ule waliomzika mama yake, ili wamchangamshe. Zinazofuata huenda sokoni, maana za mapema ndizo zinazogombewa. Zinazofuata hizo huenda jikoni. Na mwisho, baridi ikishabisha hodi, huchuma zile zilizogoma, huzifunika kwa gunia ndani mpaka zipate wekundu. Hizo ndizo anazozikamua mbegu kwenye glasi, akaziacha siku tatu zitoe povu, akaziosha, akazianika kwenye sahani.

— Za mwisho, alisema polepole. Zinazobaki.

— Kwa hiyo zinazowahi mnazila, zinazochelewa ndizo mnazozizalisha, mgeni alisema. Hakucheka. Tangu lini?

— Tangu Mama afariki. Miaka sita.

— Na yeye alikuwa anatoa ipi?

Shangazi hakujua. Alikuwa ameolewa mbali. Alirudi kuzika, akalikuta kopo rafuni.

Spoki ndiye aliyeacha kazi, mkasi ukiwa wazi katikati ya tyubu.

— Mipira, alisema.

— Mipira gani?

— Mama alikuwa ananiomba vipande vya tyubu kuukuu. Vyembamba hivi. Anafunga kwenye shina, si miche yote, michache tu. Mimi nikadhani ni kinga ya kijicho.

— Mimi nilidhani anazuia miche isianguke, Wembe alisema.

— Nilipokuwa mdogo nilichuma nyanya kwenye mche wenye mpira. Ilikuwa ya kwanza kuiva shamba zima. Alinichapa, dada, kwa mpira ule ule! Nikamwona mchoyo. Mama mzima, kwa nyanya moja!

Alitazama mkasi, kisha kopo, na sauti yake ikashuka: kumbe ilikuwa ya mbegu.

— Zitarudi? Shangazi alimuuliza mgeni. Kuwa kama zake?

— Hilo sijui. Lakini humo koponi zote si sawa. Otesha nyingi, uzipitie kila asubuhi. Hata zikichelewa, upo mche utakaowatangulia wenzake kwa siku mbili tatu. Funga huo. Usiangalie tunda moja, angalia mche mzima: umewahi, hauna ugonjwa, unazaa. Funga minne mitano. Mwaka ujao tena.

Gurudumu likajazwa upepo, mgeni akalipa, akapanda, akaenda zake. Redio alimsindikiza kwa macho.

— Ila hakukataa kwamba dunia imeinama, alisema.

Spoki aliitoa pakiti mfukoni, akaigeuza.

— Robo ya kitalu, dada. Kwa tahadhari tu.

— Robo. Tena pembeni.

— Pembeni.

Akakata ukanda mwembamba wa tyubu, na wa pili, mpaka ikatimia mipira mitano, akampa dada yake. Redio alinyoosha kikombe. Shangazi akaliinamisha birika, likatoa mashapo matupu ya kahawa. Akaliweka chini, akaokota kopo, akaivaa mipira mkononi kama bangili, akaelekea ndani ili akatize kwenda kitaluni nyuma ya nyumba.

— Shangazi! Wembe aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Na ile yetu je? Ile ya chumvi?

Shangazi aligeuka pale mlangoni.

— Chumvi lete, Wembe. Ila mwaka huu kila mtu atatema mbegu kwenye glasi, na mimi nitasimama hapa hapa nikihesabu.