Posho ya Nyumba ya Bwana Marhoon

Miaka thelathini ya kazi ya serikali, ishirini na mitano Unguja na mitano hapa Maskati, inamalizika leo, tarehe 31 Machi 1969. Bwana Marhoon, mtunza ghala wetu, anastaafu. Bwana mkubwa wetu, Mwingereza, ametwambia tumuage kwa lugha yetu wenyewe. Naye Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, basi leo tuseme kweli.

Ghala la Bwana Marhoon halijapoteza msumari. Ukimwomba rangi ya mlango, anakuuliza mlango upi, kisha anakwenda kuutizama. Wako waliotaka kufanya naye biashara kidogo ya mabati, wakaishia kunyweshwa kahawa na kurudi mikono mitupu. Majina tunayo, tunayasitiri.

Mwaka 1964, Waingereza walipomhamisha, walimuahidi mshahara ule ule na posho ya nyumba. Kufika hapa, mambo mengine. Makarani waliotoka Bombay na Aden walipewa nyumba. Yeye, bwana mkubwa akamwambia, "Wewe hapa kwenu. Babu yako ana nyumba Samail." Babu keshakufa zamani, nyumba haina paa, wanalala mbuzi! Idi ilipofika, wenyeji wakapewa bakhshishi, yeye akaambiwa mgeni, katoka Zinjibar. Sasa jamani, mtu huyu kwao wapi? Kila penye kupewa, si kwao.

Mkewe, Bi Kheiria, hakugombana na mtu. Alitandika mikeka kwenye baraza ya afisi, akapanga masufuria yake, akawalaza wanawe baina ya magunia ya saruji. Asubuhi bwana mkubwa alipotokea, akamtilia kahawa. "Karibu kwetu, baba," akamwambia. "Si umesema tumefika nyumbani?" Bwana Marhoon akatarjumu, hakupunguza kitu.

Siku ile ile wakapewa stoo ya nyuma, ya mafuta ya taa. Tukafurahi sisi! Mwisho wa mwezi mshahara ukaja umekatwa kodi ya nyumba. Aliyenyimwa posho anatozwa kodi, tena ya chumba ambacho ukiwasha kibiriti unaondoka na mtaa mzima. Wamekatwa miaka yote hii, na kesho wanatakiwa watoke, kwa kuwa stoo ni ya mfanyakazi.

Na zawadi ya kumuagia iliyochaguliwa na bwana mkubwa mnaijua? Saa ya ukutani. Akaitundike ukuta wa nani?

Basi saa tumeirejesha dukani kwa Banyani, tukachanga juu yake, tukakodi vyumba viwili Matrah, vina madirisha, na kodi ya mwaka imeshalipwa. Boksi lile la utepe mwekundu, Bwana Marhoon, atakalokukabidhi bwana mkubwa sasa hivi kwa mkono wake akidhani ni saa, ndani mna ufunguo.

Ahsante, Bwana Marhoon, kwa kahawa na kwa uaminifu uliotukosesha riziki. Wewe na Bi Kheiria mkalale raha, mle mshibe, wajukuu wawajazie nyumba kelele. Na bwana mkubwa naye mpigieni makofi, leo katoa nyumba.