Jina la Colombe Katika Mashine ya Papa Cyprien

Ndugu zangu, huyu tunayemzika leo hapa Bukavu ni mjomba wangu Bisimwa. Tangu majina ya ubatizo yakatazwe na serikali, ofisini aliandikwa hivyo tu. Nyumbani alibaki Papa Cyprien.

Alizaliwa Mumosho karibu mwaka 1938; siku hakuna aliyeiandika. Alisoma kwa mapadri, akajifunza mashine za kusoma kadi zilizotobolewa huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka 1963 akaajiriwa na kampuni moja ya chai hapa mjini. Ordinateur, yaani kompyuta, ilipofika mwaka 1974, yeye ndiye aliyeiandikia programu. Mfanyakazi asiyejulikana tarehe ya kuzaliwa aliwekewa sifuri tupu, thamani ya chini kabisa. Aliyekuwa bado kazini, nafasi ya tarehe ya kuondoka ilijazwa tisa tupu, thamani ya juu kabisa, ili mwezi wowote mashine imwone yupo. Sifuri zilimponza mwenyewe, maana hata yeye alikuwa nazo: orodha ya kwanza ya wanaopaswa kustaafu ilipotoka, alikuwa juu kabisa, mzee kuliko walinzi wenye mvi. Wenzake wakamwita babu, naye akacheka pamoja nao.

Tarehe 10 Agosti 1968 alimwoa Colombe, mtoboa kadi wa ofisi hiyohiyo, mzaliwa wa Luhwindja. Hawakupata mtoto. Colombe alipofariki tarehe 3 Machi 1977, ndugu zake walimrudisha kwao wakamzika, wakamkataza mjomba kukanyaga pale, wakisema ndoa isiyo na mtoto imekwisha. Hakuwa na kaburi la kuendea. Basi alisimamisha mshahara wa mkewe, lakini zile tisa za tarehe ya kuondoka hakuzigusa. Kila mwezi jina la Colombe lilitoka kwenye orodha pamoja na majina ya walio hai.

Mkuu wake, Honoré, alipogundua, alimwita akamtaka atie tarehe. Mjomba akamjibu, "Chef, nikiweka hiyo date, machine haitamuita tena. Mimi nitabakia na nani?"

Honoré akasema, "Papa Cyprien, uiweke wewe mwenyewe. Sitaki mutu mwingine aiguse."

Aliiweka. Tangu hapo alikuwa mkiwa kweli. Tukimtembelea Jumapili alitusalimu kwa adabu, akakaa kimya mpaka tuage.

Kisukari kilimwanza mwaka 1983. Alifariki hospitalini tarehe 14 Mei 1986, dada yake akimshika mkono. Ombi lake lilikuwa moja, azikwe Luhwindja kando ya Colombe. Tulituma wazee, shemeji yake Déogratias, kaka yake Colombe, akakataa. Inatuuma, siwezi kuficha.

Ameacha dada yake, mama yangu Marcelline, nami Sophie. Mjane hakuna, mtoto hakuna. Apumzike kwa amani, hata hapa, mbali na mke wake.