Matundu ya Kusahihishia

Mshonaji hakujua kusoma, lakini mkasi ulimtii. Kwa zoezi la kuchagua la mtihani wa binti yake, alipewa majibu yaliyotiwa alama, akatoboa kadibodi tundu penye kila jibu sahihi. Kila jioni aliilaza juu ya zoezi hilo hilo; alama isiyochungulia tunduni ilikuwa na fimbo yake.

Leo, ndani ya basi, akienda shuleni kumpokea binti, aliitoa kwa majivuno mbele ya jirani yake wa kiti, mwalimu mstaafu. "Mimi uvivu siulei, mwalimu."

Mwalimu akaigeuzageuza. "Unailaza upande upi?"

"Ule ule kila siku. Kwani kuna tofauti? Si kama kukata mkono wa shati?"

"Hapana, mama. Ukiipindua, jibu la kwanza linaangukia la mwisho. Nionyeshe."

Mshonaji akailaza pajani kama kila jioni.

"Umeipindua. Hii namba moja aliyekupa majibu aliiandika juu, wewe umeiweka chini. Mwanao alikuwa anapatia."

"Si angesema?"

"Hakusema?"

Binti alisema, siku za mwanzo, akalipia kwa fimbo. Siku hizi anashika kalamu na kuuliza tu, "Mama, unataka niweke wapi?"

"Mtihani lini?"

"Wameingia asubuhi hii."

Basi likasimama. Kondakta akaita, "Shuleni! Wa shuleni washuke!"

Mshonaji hakuinuka.