Ukucha Juu ya Herufi: Kumuaga Bwana Brüsehaber

Bwana Ottokar Brüsehaber anastaafu tarehe 30 Juni 2019, baada ya kuitumikia Hifadhi yetu ya Nyaraka kwa miaka arobaini na mmoja. Aliingia hapa mwaka 1978 akiwa mfungaji wa majalada. Anatoka akiwa mtu pekee katika jengo hili anayesoma mwandiko wa kale wa Kijerumani kama wengine wanavyosoma gazeti.

Kila aliyekuja hapa Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani, kutafuta ukoo wake katika fomu za sensa za 1867 na 1900 alipitia mezani kwake. Wengi walitarajia kukuta mababu mabaroni, makabaila wenye ardhi. Mgeni mmoja kutoka Hamburg alifika na pete yenye nembo ya ukoo kidoleni. Bwana Brüsehaber akamwonyesha mstari wa nne wa fomu. "Pole, bwana. Babu yako alichunga bata bukini. Lakini bata wa kijiji kizima, si wa nyumba moja!" Mgeni alicheka hadi akavua pete.

Sisi tuliojifunza kwake alituanzishia jambo moja. Katika mwandiko ule, u na n zinafanana kabisa. Kinachozitenga ni alama ndogo juu ya u, nyembamba kama kipande cha ukucha. "Juu kwanza, binti," alikuwa akinigutusha. "Chuo kikuu walikufundisha kukimbia. Hapa tunatambaa."

Kadi elfu kumi na moja za majina zilizomo kwenye droo zetu aliziandika yeye kwa mkono, na kwa kadi hizo aliwajibu maelfu ya watu. Mmoja wao alikuwa Bibi Gesine Lau wa Rostock. Babu yake, Johann, alikulia katika nyumba ya yatima na alikufa akiamini kwamba alitupwa. Bibi Lau aliandika mwaka 1988, akaandika tena 1997 na 2011, akiuliza swali lile lile: je, babu aliwahi kuwa na watu wake? Mara tatu Bwana Brüsehaber alifungua droo ya L. Mara tatu alijibu kwa masikitiko kwamba hawapo.

Machi mwaka huu alinipa zoezi la kuagana: nilinganishe fomu za kijiji cha Klein Wersow za mwaka 1900 na kadi zake. Kadi ilisema Lan. Fomu ilikuwa na ukucha juu ya herufi ya mwisho: Lau. Baba, mama, watoto watano. Wa mwisho Johann, miaka minne.

Nilimpelekea. Aliinamia karatasi kwa muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Umesoma vizuri," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Ningekuwa mwanafunzi wangu, ningejifukuza."

Barua aliiandika siku hiyo hiyo. Aliyejibu ni mtoto wa Bibi Lau: mama yake alizikwa Januari. Alieleza, bila ukali wowote, kwamba mama alizihifadhi barua zetu tatu ndani ya kitabu cha familia, kwenye ukurasa wa wazazi wa babu, uliobaki mtupu.

Tangu hapo Bwana Brüsehaber hajala nasi chakula cha mchana. Anazikagua kadi zake upya, moja moja, fomu ikiwa kando. Amekuta makosa mengine kumi na tisa. Aliomba aendelee hata baada ya kustaafu, lakini kanuni haziruhusu asiye mfanyakazi kuingia ghalani, na nafasi yake haitajazwa. Hadi tunapochapa jarida hili, amemaliza na kufunga droo ya G.

Hakutaka maua wala hotuba. Aliomba tu kadi ya Lan isichanwe. Ibaki mahali pake, nyuma ya ile mpya.

Bwana Brüsehaber, asante kwa macho uliyotupatia. Tunakutakia afya, nyanya nyingi bustanini, na usingizi. Kuanzia H hadi Z, bado kuna watu ambao tunawajibu jamaa zao kwamba hawapo. Mkataba wangu unaisha Septemba. Jumatatu nitafungua H.