Mbuzi Asichinjwe Kabla ya Majibu ya Damu

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na sita Novemba mwaka elfu mbili ishirini na tano, saa tisa na robo alasiri, na mvua iliyoanza saa sita kasorobo bado inapiga mabati, kwa hiyo nitasema kwa sauti kubwa kadiri pumzi itakavyoniruhusu, nanyi mtanisikiliza bila kunikatiza. Ninatumia Kiswahili kwa sababu Wambeti, mke wa mwanangu Mugendi, ametoka upande wa Kibugu, na Kimeru chetu bado kinampita, na ndiye aliyeshika simu inayorekodi. Wambeti, isogeze karibu na mdomo wangu. Mugendi, keti. Nimesema keti. Funguo za pikipiki ziweke mezani mahali ninapoziona, maana mtu aliyemvunja binamu yake mbavu Alhamisi hana safari nyingine ya haraka leo.

Nitaanzia mwanzo, kwa sababu wewe na dada yako Kendi mmeijua habari hii kuanzia katikati.

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi mwaka elfu mbili kumi na tisa, saa nane mchana, nilimkuta Mwiti, mtoto wa marehemu ndugu yangu, akichuma miraa katika mstari ule wa miti arobaini na mmoja ulio mpakani. Alikuwa na vijana wawili wa kuvuna. Nilimwamuru ashuke. Akanijibu akiwa juu ya tawi, “Baba mkubwa, hili jiwe la mpaka limeota miguu? Mwaka jana lilikuwa kule.” Wale vijana wakacheka. Ninyi mliambiwa kwamba walinivamia bila sababu, na kwamba vidole viwili vya Mwiti vililiwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Si kweli. Alipokuwa anashuka, mkono wake wa kushoto ukiwa bado umeshika shina, nilimkata kwa panga. Nilikata mara moja, kwa nguvu zangu zote, na vidole vilifika chini kabla ya mwenyewe. Nikainua panga mara ya pili nikilenga shingo. Msidhani nilijizuia, kijana mmoja alinipiga kiwikoni kwa mpini wa jembe, panga likaniponyoka.

Hapo ndipo waliponipiga. Mwiti, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, alinisimamia kichwani akasema, “Mwalimu wa hesabu, leo utahesabu mifupa yako mwenyewe.” Hawakugusa kichwa. Walipiga mapaja, makalio na mgongo, mahali penye nyama, kwa zamu, kama watu wanaopura maharagwe. Nilihesabu mapigo hadi thelathini na manne, kisha hesabu ikanipotea. Mpini mmoja ulipopasuka waliokota mwingine. Nililia nikimwita mama yangu, mimi mtu wa miaka sitini na mitatu.

Sikuvunjika mfupa hata mmoja, na hilo ndilo lililotudanganya sote. Alhamisi mkojo wangu ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na siku iliyofuata haukutoka kabisa. Hospitalini wakanieleza kwamba misuli iliyopondwa humwaga sumu yake katika damu, na figo zikijaribu kuichuja huzibwa nayo. Niliunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara nne. Nililala huko siku kumi na tisa, nikaruhusiwa kutoka tarehe mbili Aprili, na daktari akaniandikia nirudi tarehe mbili Julai kupimwa damu na mkojo. Akaniambia, “Mwalimu, figo zako zimeamka, lakini zimejeruhiwa. Kutembea kwako kusikufanye uzisahau.”

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipojiua.

Tarehe ishirini na saba Aprili, siku ya Jumamosi, wazee wa mwiriga, ukoo wetu, walitukalisha, mimi na Mwiti. Mbuzi alichinjwa, tukala ubavu mmoja, kila mtu kutoka mkononi mwa mwenzake, na wazee wakataka patano liandikwe. Niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ndio uliosomeka. Niliandika hivi: jeraha la tarehe kumi na mbili Machi limekwisha mwilini na mdomoni, na atakayelitaja tena mbele ya askari, wakili au daktari, amelifungua kwa pande zote mbili. Wazee walisifu maneno yale. Hawakujua kwamba nilikuwa nimesikia Mwiti anapanga kuupeleka mkono wake kwa daktari ili ajaziwe P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, na kwamba fomu hiyo ingenipeleka gerezani. Neno daktari nililiweka pale kumfunga yeye. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alitia sahihi, mkono wa pili ukiwa bado umefungwa bendeji.

Ikafika tarehe mbili Julai. Nilivaa koti, nikaiweka ile karatasi ya hospitali mfukoni, nikatembea hadi stendi ya Mikinduri. Nikasimama pale nikifikiria swali la kwanza la daktari: mzee, ulipatwa na nini? Nikijibu, nimelifungua jeraha, na Mwiti yuko huru kuuonyesha mkono wake. Nikarudi nyumbani. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliniuliza wamesema nini, nikamwambia wamesema nimepona.

Miguu ilipovimba nililaumu viatu. Mgongo ulipouma nilimeza vidonge vya maumivu vya dukani miaka miwili mfululizo, na sasa nimeambiwa kwamba hivyo navyo vilikuwa vinazitafuna figo zilezile. Februari mwaka jana nilianguka kanisani, na walipopima wakakuta figo zimenyauka. Tangu hapo ni mashine, mara mbili kwa wiki, hadi moyo nao ukachoka.

Jumamosi ya tarehe nane mwezi huu daktari alikwambia, Mugendi, kwamba ugonjwa huu ulianzia kwenye kipigo kile. Hukuuliza swali la pili. Alhamisi saa nne asubuhi ulimkuta Mwiti kwenye banda la miraa sokoni, akifunga vibunda kwa vidole vyake vitatu na ule mkono mzima, ukampiga kwa mpini wa jembe. Mapaja, makalio, mgongo, kisha mbavu. Watu wanasema ulikuwa ukihesabu kwa sauti: “Hili la baba, hili la baba.” Usimtazame mkeo hivyo, si yeye aliyenieleza. Soko zima limenieleza. Wapo waliokuja hapa kunipongeza, wakaniletea na maziwa.

Leo Mwiti amelala hospitalini Meru mjini. Kendi ameacha masomo yake chuoni Nchiru akaketi kando ya kitanda hicho kwa sababu nilimwamuru, na mfuko wa mkojo uliofungwa kitandani, tangu Ijumaa jioni, haujapata hata tone. Umemwekea mwilini kitu kilekile kinachoniua. Akifa, wewe ni mwuaji, na utakuwa umeua kwa ajili ya uongo wangu. Usiinamishe kichwa. Kilio chako hakimsaidii.

Wambeti, niinulie mto kidogo. Hapo.

Haya ndiyo ninayoyaagiza. Patano lile nimelivunja sasa hivi kwa mdomo ulioliandika. Nakala iko ndani ya Biblia ya mama yenu, itoeni, isomeni mbele ya wazee, kisha ichaneni. Mstari wa miti arobaini na mmoja ni wa Mwiti. Baba yake aliipanda, na jiwe la mpaka nililisogeza mimi, hatua tisa, wiki mbili baada ya kumzika ndugu yangu. Lirudisheni kesho. Shamba linalobaki, Mugendi na Kendi mgawane sawa kwa sawa, na nyumba hii isiuzwe Wambeti akiwa hai.

Mugendi, kesho saa mbili asubuhi utakwenda kituo cha polisi kwa miguu yako, uandikishe ulichokifanya. Usijifiche mjini Maua kwa rafiki zako wa malori. Popote watakapokufunga utamjibu hakimu kwa ukweli, hata jinsi nilivyomkata Mwiti. Ukimgusa Mwiti tena, au ukimtuma mtu, ninakuachia kirumi, laana ya baba, na sitakuwapo kuiondoa.

Na Mwiti akitoka hospitalini akitembea, asiwepo mtu wa kusema amepona. Hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Arudi kupimwa damu, mkojo na presha baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka, na asimeze kidonge cha maumivu bila kumwuliza daktari. Ukiwa nje utampeleka wewe, Mugendi. Ukiwa ndani atampeleka Kendi. Daktari akiuliza alipatwa na nini, aambiwe ni wewe uliyempiga, kwa jina lako. Wazee watakuja wakitaka mbuzi. Watasema amani isicheleweshwe. Waambieni Mwalimu Riungu amekataza. Mbuzi asichinjwe kabla ya majibu ya damu ya baada ya miezi mitatu, na siku hiyo yasomwe kwa sauti mbele ya wote, namba kwa namba, ndipo... ndipo mtu atie kisu.

Mimi msinirudishe kwenye mashine. Nizikeni kando ya mama yenu, kwa jeneza la bei ndogo.

Sogea, Mugendi. Fungua shati. Nilipaswa kukutemea mate kifuani kama baba yangu alivyonibariki, lakini mdomo umekauka. Naruhusiwa vikombe viwili vya maji kwa siku, na cha pili nilikimaliza asubuhi. Wambeti, nipe maji, funda moja tu. Daktari hatajua.

Hivi. Nenda... ukawe mtu ambaye watoto wake hawamwogopi. Na Kendi vilevile. Na wewe, Wambeti, ulee watoto... bila kuwaficha kitu.

Mugendi, simu yako yalia. Usiikate. Ni Kendi? Weka sauti, nisikie.

Sema polepole, mama. Mvua...

Muuguzi amepima sasa hivi? Kwa chombo chenye alama? Rangi yake? Haya. Mugendi, nyamaza, nisikie. Rudia, Kendi.

Wambeti, andika, mkono wangu hauwezi. Saa kumi kasoro dakika nane. Mkojo wa Mwiti. Mililita sitini na tano.